Mkaguzi ni Wewe: Bunduki Yangu ya Dola 489 na ya Shemeji ya Dola Elfu Mbili

Shemeji yangu ana tabia ya kuuliza swali ambalo jibu lake keshalijua. Siku niliyomwonyesha bunduki yangu mpya aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akachungulia ubavuni kusoma jina la kiwanda, kisha akasema, "Hivi shemeji, zile spana zako za gereji ulinunua wapi?"

Alikuwa amenipata. Mimi ni fundi wa malori makubwa hapa Houston, na sanduku langu la spana limenila fedha nyingi kuliko gari la kwanza nililoendesha nchi hii. Siwezi kuingia chini ya lori la tani thelathini na sita na spana ya kuokoteza. Ikiteleza kwenye nati, ngozi ya vidole inabaki kwenye chesisi. Lakini bunduki, ya aina ya AR-15, nilikuwa nimeichukua kwa dola 489, ya bei ya chini kabisa pale dukani, na nilikuwa naringa kwamba nimepata.

Yeye ya kwake alikuwa keshainunua miezi mitatu kabla. Dola 2,050, bila darubini.

Ilikuwa 2019. Tumezipiga zote mbili miaka yote hii, tumezifungua, tumebishana juu yake kwenye kila pilau la Idi, na vijana wa kwetu wanaohamia Texas wanakuja kwangu na swali lilelile: ninunue ya rahisi au ya ghali? Jibu langu limebadilika mara mbili. Hapa naandika lilipofikia.

Kosa langu lilianzia Mafinga, kule Iringa, Tanzania. Nilikwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya kidato cha sita, 1991, miaka mitatu kabla serikali haijasitisha mafunzo ya lazima. Baridi ya Mafinga saa kumi na moja alfajiri sina haja ya kumsimulia aliyepita pale, na asiyepita hataamini. Tulishikishwa SAR, zile za Kichina ambazo huku wanaziita SKS: kitako cha mbao, singe ya kukunja chini ya mtutu, magazini ya risasi kumi iliyojengewa humohumo. Ya kwangu kitako kilikuwa kimepasuka mikononi mwa kuruta fulani aliyenitangulia, kikafungwa waya. Ilikuwa imeangushwa, imekaliwa, imetumika kama mkongojo wa kuvukia matope. Siku ya kulenga shabaha ilitema risasi zake zote bila kukohoa.

Nikatoka pale na imani kwamba bunduki ni bunduki. Kama ni chuma, itapiga. Imani hiyo nikapanda nayo ndege.

Kununua kwenyewe kulichukua kama nusu saa. Nilitoa leseni ya udereva na grinikadi, nikajaza fomu 4473, karani akapeleka taarifa zangu kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, ule uliokuwepo tangu 1998, jibu likarudi, nikalipa. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi asidhani kwake ni hivyohivyo. Sheria ya shirikisho inamzuia, na vile vijimlango vichache vilivyoachwa, kama leseni ya uwindaji, si vya kuingia kabla hujaongea na mwanasheria.

Na ya nini? Mteja wetu mmoja ana shamba la nyasi za ng'ombe, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Nguruwe pori wanamfukulia lile shamba usiku mpaka asubuhi unadhani limepitiwa na trekta la mlevi. Septemba 2019 Texas ikaondoa hata sharti la leseni ya uwindaji kwa anayewapiga nguruwe hao kwenye ardhi ya mtu binafsi aliyeridhia. Mwenye shamba akatuita. Nyama sisi hatuli. Anajua mwenyewe pa kuipeleka.

Sasa, kwa msomaji aliye Kahama au Kilifi ambaye bunduki anayoijua ni gobole la mwindaji au shotgani ya mlinzi wa benki: hii tunayoiongelea ni ya nusu otomatiki. Unavuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja. Haimimini. Ila baada ya kutoka ile moja, bunduki yenyewe inatumia gesi ya baruti kutoa ganda, kujikoki na kupakia nyingine, kabla hujamaliza kupepesa jicho. Kazi yote hiyo inafanywa na vyuma vichache vinavyokimbia kwenda na kurudi, na tofauti yote ya bei imejificha humo.

Karibu zote zinazouzwa hapa kwa umbo hili ni watoto wa baba mmoja. Eugene Stoner aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa na kampuni ndogo ya California iitwayo ArmaLite, na AR ya AR-15 inatokana na jina hilo la kampuni, hakuna siri nyingine. Mwaka 1959 ArmaLite wakawauzia Colt haki zake. Hataza ya mfumo wa gesi ikaisha 1977, na tangu hapo mwenye mashine na leseni ya kutengeneza akawa huru kuingia sokoni. Ndiyo maana leo utakuta Palmetto State Armory, Ruger na Smith & Wesson upande wa bei nafuu, BCM na Colt hapo katikati, LMT na Knight's Armament kule juu ambako mtu anauliza bei kwa sauti ya chini. Na sehemu nyingi za hii zinaingia kwenye ile. Viwanda vinavyofua bodi zake za alumini ni vichache, kwa hiyo bunduki ya dola 500 na ya dola 1,500 zinaweza kuwa zimetoka chini ya nyundo moja, kisha kila mmoja akagonga jina lake.

Nilipolijua hilo nikazidi kuringa. Nilimwambia shemeji amelipa dola elfu moja na mia tano kwa ajili ya muhuri.

Risasi mia mbili na kitu za kwanza zilinipa haki. Halafu ikaja Jumamosi moja ya Julai kwenye uwanja wa shabaha kaskazini ya mji, jua la nyuzi 38, jasho linaingia machoni. Dalili ilikuwa ndogo. Maganda yalikuwa yakirukia kulia kwangu, nyuma kidogo ya bega, yanatua mbali. (Wenyeji hapa hutaja mwelekeo kwa uso wa saa. Wakikwambia ganda linakwenda saa tatu wana maana mshale ukiwa kwenye 3, yaani kwetu saa tisa, na shemeji mpaka leo anageukia upande usio.) Siku ile maganda yakaanza kusogea nyuma, yakaja karibu, yakawa yanadondoka kando ya kiatu changu, kama vile bunduki imechoka kuyatupa. Kisha magazini ikaisha na bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, haikubaki nyuma kama inavyopaswa. Nikaweka nyingine, nikapiga tatu. Ya nne, nikavuta: klik. Nikaangalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa: tupu. Bolti ilirudi nyuma nusu safari, haikufika pa kuokota risasi inayofuata, ikafunga hewa.

Shemeji alikuwa meza ya jirani. Hakusema neno. Alikohoa tu.

Nyumbani niliifungua juu ya kipande cha boksi. Ndani ya hizi bunduki kuna mhimili unaobeba bolti, wenyewe wanauita keria. Mgongoni mwa keria pamefungwa kijibomba kifupi, kimeshikiliwa na skrubu mbili. Gesi inatoka kwenye tundu la mtutu kule mbele, inapita kwenye mrija mwembamba juu ya mtutu, inaingia kwenye kile kijibomba na kuisukuma keria nyuma. Hapo pakivuja, nguvu imekwenda. Kwa kuwa pale pana joto na mtikisiko wa kutosha kulegeza chochote, kiwandani wanatakiwa wazikaze skrubu kwa kipimo, kisha wapige panchi kwenye kingo za kile kijibomba mpaka chuma kiingie kwenye vichwa vya skrubu, zisigeuke tena maisha yao yote.

Skrubu ya kwanza niliizungusha kwa kidole. Kidole!

Alama za panchi zilikuwepo. Zilikuwa mikwaruzo miwili ya kuridhisha macho, ya mtu mwenye panchi mkononi na saa ya ukutani mbele yake. Nilikiandikia kiwanda, ambacho sikitaji. Wakajibu kwa adabu niwapelekee, ingechukua kama wiki sita. Nikachukua spana yangu ya kipimo, ile ile ya ghali, nikakaza, nikapiga panchi kama inavyopigwa, nikarudisha. Dakika kumi na tano. Tangu siku ile daftari langu linaonyesha risasi 3,400 na kukwama mara sita, nne kati yake zikiwa za magazini moja niliyoishia kuitupa.

Kwa hiyo nani alishinda ubishi? Hapo ndipo jibu langu lilipobadilika mara ya kwanza. Bunduki yangu haikuwa mbovu. Chuma kilikuwa kizuri, mtutu mzuri, bodi nzuri. Kilichokosekana ni mtu mmoja, mwisho wa mstari, wa kuishika na kusema hii bado. Mtu huyo ana mshahara, na mshahara wake uko kwenye bei ya bunduki ya shemeji. Kwangu mimi nafasi ile waliiacha wazi, nikaijaza mwenyewe bila kujua kwamba nimeajiriwa.

Historia ya bunduki hii yenyewe imejaa kisa hicho hicho, tena cha kuuma zaidi. Askari wa Marekani walipopelekwa nayo Vietnam kwa jina la M16, ilikuwa ikikwama vitani na watu wakafa wameishika. Haikuwa ya rahisi. Ilikuwa ya serikali, kutoka kiwanda chenye jina. Lakini jeshi lilikuwa limebadilisha baruti ya risasi, ikaja inayochafua zaidi na kuiendesha bunduki mbiombio kuliko ilivyokusudiwa. Chemba haikupakwa kromiamu, ikashika kutu kwenye unyevu wa kule, ganda linang'ang'ania ndani. Na vifaa vya kusafishia havikutolewa vya kutosha kwa kuwa ilivuma kwamba hii ni bunduki isiyohitaji kusafishwa. Kamati ndogo ya Bunge lao ilichunguza mwaka 1967. Kromiamu ikawekwa, vifaa vya usafi vikagawiwa, askari wakafundishwa, na bunduki iliyotukanwa ikaendelea kutumika kwa miongo. Umbo lilikuwa lilelile. Yaliyobadilika ni mambo ambayo ukiiangalia ukutani dukani huyaoni.

Tuje kwenye hizo dola elfu moja na mia tano. Nimezitafuta zote, moja moja, maana shemeji aliniruhusu kuifungua ya kwake mpaka springi ya mwisho, yeye amesimama nyuma yangu kama mwenye ng'ombe anayemwangalia mchinjaji.

Sehemu kubwa iko kwenye bolti. Hiki kidude kidogo ndicho kinachokula shinikizo lote, kina meno yanayojifunga nyuma ya risasi, na jino likikatika siku imeisha. Ya viwanda makini hupigiwa kwanza risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida, kisha inapimwa kwa unga wa sumaku kutafuta ufa ambao jicho halioni. Sisi wa malori kipimo hicho tunakijua, ndicho tunachopimia krankshafti kabla ya kuirudisha kwenye injini. Kwenye bei ya chini unaweza kukuta wamepima chache kwa niaba ya nyingi, au tangazo halisemi kitu. Yangu ilisema tu kwamba chuma ni imara, na hata ndoo ya chuma ni imara.

Sehemu nyingine iko kwenye tundu. Lile tundu la gesi kwenye mtutu, likiwa dogo mno bunduki inakwama, likiwa kubwa mno inajipiga yenyewe kila risasi. Wa bei nafuu wengi hulitoboa kubwa kwa makusudi. Anajua mnunuzi wake ataipa risasi dhaifu za bei ya kutupa, na hataki simu za malalamiko, kwa hiyo anaongeza gesi ili chochote kiende. Inakwenda kweli. Lakini keria inarudi kwa kishindo, bega linajua, ukucha unaovuta ganda unafanya kazi ganda likiwa bado limevimba ndani ya chemba, springi zinachoka mapema. Ni sawa na injini uliyoiwekea mafuta kupita kiasi ili isizime kwenye taa za barabarani: haizimi, ila unaila. Ya shemeji tundu lake limepimwa, na liko mbele zaidi kwenye mtutu, gesi inafika imepoa hasira. Ukizipiga kwa zamu unalisikia hilo kabla hujaambiwa. Yangu inasukuma, kisha inagonga. Yake inasukuma tu.

Mtutu wake umepakwa kromiamu ndani, wangu umepikwa kwa nitrojeni tu, ambayo si aibu hata kidogo. Kifyatulio chake kinakatika kama kijiti kikavu. Changu unakiburuta kama kreti la soda juu ya saruji. Kishikio cha mbele cha kwake hakigusi mtutu popote, kwa hiyo ukiegemea kitu risasi haihami. Na rangi, na nembo, na boksi lenye sponji iliyokatwa kwa umbo la bunduki kama vyombo vya mahari. Hayo ya mwisho ni fedha iliyotupwa, nitalisema hilo hata mbele yake.

Tukiwa kwenye bolti yake, nimeishika juani, ndipo nilipoielewa SAR yangu ya Mafinga. Miaka yote niliisifu kwa ugumu wake, na ni ngumu kweli: ina pistoni, ina uzito, ina nafasi za kutosha kati ya chuma na chuma kuruhusu mchanga upite. Lakini ile niliyoshika mimi ilikuwa imekaguliwa na makuruta wa miaka mingapi? Zilizokuwa mbovu zilikwisha kukataa kupiga mbele ya afande, zikarudishwa ghalani, zikavunjwa vipuri. Mimi nilikuta zilizofaulu. Nikajenga imani juu ya waliobaki, nikaja kununua bunduki mpya ya rahisi nikidhani nayo imepita kwa makuruta hao. Kuruta wa kwanza nilikuwa mimi.

Shemeji lakini asifurahi sana. Mwezi wa pili wa kwenda shambani, saa tano usiku, nguruwe wapo kwenye mwanga wa mwezi umbali wa yadi 60 hivi, bunduki ya dola 2,050 ikapiga mbili na kufa. Ya tatu ilikuwa imesimama wima mlangoni mwa chemba, pua juu, kama mtu aliyekwama dirishani. Akaikoki, ikarudia. Nguruwe wakaondoka, na hawakukimbia. Tulipowasha tochi, tatizo likaonekana: magazini ya alumini aliyoikuta kwenye meza ya mitumba kwa dola nane, midomo yake imepindwa na mtu aliyeikanyaga zamani. Midomo ndiyo inayoamua risasi itoke kwa pembe gani. Bunduki yenyewe haikuwa na kosa, bali ilikuwa inakula kutoka sahani iliyopasuka. Mimi sikusema neno. Nilikohoa.

Kwenye usahihi tofauti ipo, ila si ile watu wanayoifikiria. Tulipima siku moja isiyo na upepo, yadi 100, risasi tano tano, tumeegemea mifuko ya mchanga. Kwa risasi za kawaida za mazoezi, yangu iliacha kundi la matundu lenye upana wa inchi tatu, yake mbili kasoro. Kwa risasi za mashindano, ambazo moja inapita dola, yake ikashuka mpaka kama inchi moja, yangu ikagoma kwenye mbili na kidogo. Anayepiga karatasi kwa mashindano, hapo pana maana kubwa. Nguruwe wa yadi 60 hajui tofauti hiyo.

Fedha sasa. Wanaobishana juu ya bei ya bunduki mara nyingi hawajakaa chini na daftari. Mimi nimepiga karibu risasi 3,700 tangu siku ya kwanza. Kuna msimu nilizipata kwa senti 35, kuna ule wa 2020 na 2021 zilipokaribia dola moja na rafu za duka zikawa nyeupe kama duka la ushirika enzi zile za foleni ya sukari. Agosti 2021 Marekani ikatangaza kuacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, na zile za ganda la chuma ambazo ndizo zilikuwa mkombozi wa maskini zikaanza kuadimika. Ukiweka wastani wa senti 50, zimenila dola 1,850. Karibu mara nne ya bunduki. Bunduki ilikuwa kiingilio tu.

Shemeji alinunua kwa kadi ya mkopo, riba ya asilimia ishirini na kitu. Mwaka wa kwanza alipiga risasi 300. Alikuwa na bunduki inayoweza kuliko yeye, na hakuwa na fedha ya kuifikia. Mwaka ule mimi na mkweche wangu tulikuwa tunamshinda, maana mkono unafundishwa na risasi, na zangu zilikuwepo. Baadaye alimaliza deni, akaanza kupiga, na sasa ananishinda vizuri tu. Na akitaka kuuza leo atapata kama 1,600. Mimi nikipata 350 nitashukuru. Kwa hasara ya dola tupu mimi nina nafuu, kwa asilimia yeye, kila mtu achague hesabu inayomfurahisha.

Mke wangu hataki kusikia hesabu yoyote kati ya hizi. Siku ya tarehe 24 Mei 2022, Uvalde, mwendo wa saa nne na nusu kutoka kwetu, waliuawa watoto 19 na walimu wawili ndani ya shule yao ya msingi. Jioni alizima televisheni, akanikuta jikoni. "Hizo mnazoshindana wewe na kaka yangu ipi nzuri," akasema, "ndizo hizohizo?" Nikamwambia ndiyo, ni hizohizo. Hakuongeza kitu. Sefu ilibaki imefungwa mpaka Desemba, na namba zake nilizibadilisha, ingawa watoto wetu hawakuwa wanazijua hata za zamani. Sina la kulipamba hilo. Mwenye shamba alipiga simu mara tatu, nikasema kazi zimenibana.

Jibu langu la pili, basi, ndilo ninalowapa vijana wakija. Ukiwa na mkono wa ufundi, na uko tayari kuifungua siku ya kwanza kabla ya kuipiga, ukaangalia zile skrubu mbili, ukaangalia nati inayoshika mrija wa kitako kama nayo imepigwa panchi, ukaipaka mafuta ya kutosha (mpya za bei nafuu huja kavu kama mkate wa juzi), ukaipigia mia mbili mia tatu za majaribio huku unatazama maganda yanakoangukia: chukua ya dola 500, na tofauti yote inunulie risasi, magazini mpya na darubini ya maana. Ukiwa huna mkono huo na hutaki kuwa nao, usijidanganye na mimi. Nenda dola 800 mpaka 1,000, ambako wengi wao wamekwisha kuajiri yule mtu wa mwisho wa mstari bila kukutoza sponji ya boksi. Kule juu ya 2,000 ni kwa anayepiga maelfu kwa mwaka na kuisikia tofauti begani, au askari, au shemeji yangu.

Magazini, kwa yeyote na kwa bei yoyote: mpya. Msinunue mitumba ya magazini, jamani.

Oktoba iliyopita tulikwenda kwenye maonyesho ya bunduki, ukumbi mkubwa wenye harufu ya mafuta na bisi. Meza ya pembeni kabisa, chini ya kofia kuukuu za jeshi, nikaiona. SAR. Kitako cha mbao, singe imekunjwa, herufi za Kichina ubavuni. Miaka ya mwanzo ya tisini, kabla Clinton hajazuia bunduki za China mwaka 1994, zilikuwa zikiuzwa huku kwa karibu dola mia, wakulima wanazitupa nyuma ya gari na koleo. Hii ilikuwa na kikaratasi: 650. Zaidi ya mpya yangu.

Nikaomba ruhusa, nikaiinua. Mkono ulikumbuka kabla yangu. Nilivuta bolti, nikachungulia chemba, nikaachia, ikafunga kwa ile sauti yake, nzito, ya mlango wa ghala. Shemeji akauliza kama naichukua. Muuzaji, mzee wa kofia ya majani, alikuwa ananitazama mikono. Akataka kujua nimejifunzia wapi kushika kitu hiki.

"Mafinga," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa heshima, akauliza kama ni upande ule wa San Antonio.